Fimbo ya mbali na baruapepe zisizofika

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu methali hii kama mfano wa sitiari, nami sikudhani kwamba siku moja ningeiona ikitimia katika mambo ya tarakilishi na setilaiti. Yaliyomfika kijana mmoja mwaka jana ndiyo yaliyonifumbua macho.

Kijana huyo nilimfundisha isimu katika shahada yake ya kwanza. Sasa ameajiriwa na kampuni ambayo makao yake makuu yamo jijini Nairobi na kambi zake zimetapakaa katika maeneo kame ya kaskazini. Yeye yuko Turkana, mwendo wa saa nyingi kutoka mjini Lodwar. Alinipigia simu jioni moja, na baada ya maamkizi akasema kwa unyonge, "Mwalimu, nimepitwa."

Kumbe kampuni ilikuwa imetangaza ufadhili wa masomo ya uzamili kwa wafanyakazi wake. Waraka wa tangazo ulitumwa kwa baruapepe siku ya Jumatatu asubuhi, nao ulitaka maombi yawe yamewasilishwa kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Wafanyakazi wa Nairobi waliusoma kabla ya chai ya saa nne. Kambini waraka huo ulifunguka Jumamosi. Kijana aliomba asikilizwe, akaambiwa kwamba nafasi zimekwisha kujazwa. Aliyehusika na mitambo naye alipoulizwa alijibu kwa maneno machache: njia ya kwenda kambini ni nyembamba, na hapana la kufanywa.

Wasomaji wapenzi, makala haya nimeyaandika kwa ajili ya jibu hilo. Hapana shaka kwamba njia ni nyembamba. Lakini si kweli kwamba hapana la kufanywa. Baruapepe ni chombo kilichobuniwa katika ulimwengu wa njia nyembamba, kikakulia humo, na hata leo kinaweza kuwatumikia watu walio mbali iwapo tutatimiza masharti mawili. Kwanza, mitambo ipangwe kwa kuwazingatia walio pembezoni badala ya walio katikati. Pili, sisi tunaoandika tujue kuandika.

Hebu tuanze na hesabu. Waraka ule ulikuwa ukurasa mmoja tu wa maneno. Ulipigwa chapa, ukatiwa sahihi na muhuri, kisha ukapigwa picha kwa mashine, nayo picha ikaambatishwa kwenye baruapepe. Uzito wa kiambatisho ulikuwa megabaiti 6. Sasa, baruapepe ilibuniwa ili ibebe herufi, wala haikubuniwa kubeba picha. Kwa hiyo picha inapoambatishwa, mitambo aghalabu huigeuza iwe mfuatano wa herufi: kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Megabaiti 6 hivyo hugeuka kuwa megabaiti 8 zinapokuwa njiani.

Njia ya setilaiti ambayo kampuni hiyo imeilipia kambini ni ya kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kilobaiti 8. Kwa mwendo huo, megabaiti 8 zinahitaji sekunde 1,000, ambazo ni karibu dakika 17, na hapo ni iwapo hakuna mtu mwingine anayeitumia njia. Kambini kuna wafanyakazi 12, na kila mmoja wao ilimbidi auvute waraka uleule kivyake kutoka Nairobi. Zidisha: sekunde 12,000, sawa na saa 3 na dakika 20, kwa ajili ya ukurasa mmoja! Na njia ikikatika dakika ya kumi na tano, kwa sababu ya mawingu mazito au jenereta iliyozimika, kazi aghalabu huanza upya. Si ajabu waraka wa Jumatatu ulifika Jumamosi.

Laiti mwandishi wa waraka angeyaandika maneno yale moja kwa moja katika baruapepe, mambo yangekuwaje? Ukurasa wa maneno 300 ya Kiswahili una herufi zipatazo 2,000, yaani kilobaiti 2. Katika njia ileile nyembamba, maneno hayo yangepita kwa robo ya sekunde. Hata ukiongeza anwani na maelezo mengine ambayo mitambo huyaweka kwenye kila baruapepe, haungepita muda wa kusema "hodi" mara mbili. Je, njia ndiyo ya kulaumiwa?

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya mpito, na kwamba tungoje tu njia pana zifike. Inafaa tukumbuke tulikotoka. Baruapepe ya kwanza kati ya tarakilishi mbili zilizounganishwa kwa mtandao ilitumwa na Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971. Mwaka 1984 Mmarekani mwingine, Tom Jennings, alianzisha mfumo wa FidoNet, ambamo tarakilishi ndogo za kawaida zilipigiana simu usiku, wakati ambapo simu ilikuwa nafuu, zikapokezana barua zilizokusanywa mchana kutwa na kufungwa pamoja kama mzigo mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika Kenya mwaka 1995, kulikuwa na watafiti na mashirika humu nchini waliowasiliana na ulimwengu kwa njia hiyo. Modemu zao zilitumia waya wa simu wa kawaida, ule uliokuwa ukikwaruza na kukatika. Hata hivyo barua zilifika.

Siri ya mfumo huo ni jambo ambalo wahenga walilifupisha kwa kusema akiba haiozi. Barua iliwekwa akiba mahali pa karibu, ikangoja njia ifunguke, kisha ikasukumwa hatua moja mbele, ikawekwa akiba tena. Mwandishi hakuhitaji kukaa mbele ya mashine akiomba Mungu njia isikatike. Aliandika, akatuma, akaenda zake. Mitambo ndiyo iliyofanya subira kwa niaba yake.

Kanuni za kusafirisha baruapepe kwenye intaneti, zilizoandikwa na Jon Postel na kutolewa mwaka 1982, zina subira hiyohiyo ndani yake. Mtambo unaotuma ukikuta mlango umefungwa hautupi barua. Huiweka foleni, ukajaribu tena baadaye, na kwa desturi huendelea kujaribu kwa siku kadhaa kabla ya kumrudishia mwandishi. Chombo hiki, basi, kilibuniwa kwa ajili ya watu wa kambini. Ni sisi tuliokipokonya subira yake.

Tulikipokonya vipi? Tulifanya hivyo tulipoamua kwamba sanduku la barua la kila mfanyakazi litakaa mbali, Nairobi au hata Ulaya, na kwamba kila atakapotaka kusoma neno moja sharti alifuate huko kupitia kivinjari cha intaneti. Kwa mtu wa Nairobi mpango huu ni raha tupu. Kwa mtu wa kambini ni fimbo ya mbali. Chukua mfano wa wafanyakazi wawili wanaoketi katika hema moja. Mmoja anamtumia mwenzake orodha ya vipuri. Barua hiyo inapanda hadi kwenye setilaiti, inashuka, inavuka bahari, inawekwa kwenye sanduku la ng'ambo, kisha inarudi kwa njia ileile hadi kwenye meza ya pili, hatua tatu kutoka ilikoanzia. Setilaiti za aina ya zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu yetu, na ishara ya redio, pamoja na kasi yake yote, huchukua takriban robo ya sekunde kupanda na kushuka, na robo nyingine kurudisha jibu. Kurasa za kivinjari huuliza na kujibiwa mara nyingi kabla ya kufunguka, na kila swali hulipa nusu sekunde hiyo. Anayetazama kioo huona kwamba mashine imelala.

Ni mpangilio gani basi ungefaa? Si jambo la miujiza, na mafundi wetu wanalijua vyema. Kila kambi iwe na posta yake ndogo, yaani seva moja isiyo ghali ambayo masanduku ya barua ya watu wa kambi hiyo yatakaa ndani yake. Barua za kambini kwa kambini zibaki kambini. Barua inayotoka Nairobi kwa watu 12 isafiri nakala moja tu, pamoja na orodha ya majina 12, kisha igawanywe ikishafika. Kanuni za baruapepe zinaruhusu jambo hilo tangu mwanzo. Kwa hesabu yetu ya awali, hata waraka ule mzito ungechukua dakika 17 badala ya saa 3 na dakika 20, na ungeweza kupita usiku watu wakiwa wamelala.

Nairobi nako kuwe na posta kubwa inayozipokea barua zote za kambi na kuzitunza wakati kambi imezimika. Barua za ulaghai na matangazo yasiyoombwa yachujwe hukohuko kwenye njia pana, yasiruhusiwe kamwe kupanda setilaiti kwa fedha za kampuni ili yafutwe jangwani. Barua nyepesi zipewe kipaumbele, na zilizozidi uzito fulani, tuseme megabaiti 1, zingoje saa za usiku. Aliyetuma mzigo mzito aarifiwe papo hapo kwamba mzigo wake utachelewa, ili aamue kama kweli anauhitaji. Vilevile, tarakilishi za kambini zisiachwe zijipakulie programu mpya mchana, kwa maana mzigo huo huila njia yote bila ya mtu yeyote kujua.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kampuni nyingi, na vyuo vikuu vilevile, zimehamishia baruapepe zao kwa watoa huduma wa ng'ambo, na zina sababu nzuri za kufanya hivyo: hazihitaji kuajiri mafundi wengi, na usalama wa data unashughulikiwa na wenye ujuzi. Seva ndogo kambini huhitaji umeme, na huhitaji mtu wa kuitunza. Pingamizi hili lina uzito wake, wala silipuuzi. Lakini hata palipo na mpango wa ng'ambo, lipo la kufanywa. Badala ya kusoma kupitia kivinjari, kila tarakilishi ya kambini iwekewe programu ya baruapepe inayohifadhi nakala za barua ndani ya mashine yenyewe, inayoonyesha kwanza jina la mwandishi na mada, na isiyopakua kiambatisho mpaka msomaji aamue. Mtu ataweza kusoma na kujibu hata njia ikiwa imekatika, na majibu yake yatangoja kwenye foleni. Gharama ya mabadiliko hayo ni ndogo mno. Hugharimu tu kumkumbuka mtu asiyeonekana.

Hapa ndipo ninapoingia kwenye uwanja wangu. Fundi anaweza kupanga mitambo ikapangika, na sisi waandishi tukaiharibu kwa kalamu zetu. Kwa nini ofisi zetu hupenda kupiga picha maneno badala ya kuyaandika? Naamini ni kwa sababu bado tunaamini kwamba waraka bila ya nembo, sahihi na muhuri si waraka. Tumeibeba heshima ya karatasi tukaipeleka mahali ambapo heshima hiyo ina uzito wa megabaiti 6. Hali kadhalika, tunaweka picha za nembo chini ya kila barua, hata ile inayosema "Ahsante, nimepata." Neno la herufi chache hubebeshwa mzigo mara elfu zaidi ya uzito wake.

Lugha yetu yenyewe haina kosa katika jambo hili. Kiswahili cha maandishi ya Kilatini hutumia herufi za kawaida tu, zisizo na alama za juu wala za chini. Seti ya herufi ya Wamarekani iitwayo ASCII, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, inatutosha kabisa, na kila herufi yetu inabebwa na baiti moja. Isitoshe, kitenzi chetu kinabeba katika neno moja yale ambayo lugha nyingine huyasambaza katika maneno matano. Neno "hatutawaletea" lina mtenda, mtendewa, wakati, ukanushi na tendo lenyewe. Wazee wetu waliotuma simu za maandishi, wakilipia kila neno, waliijua faida hiyo. Walijifunza kuutia msiba, harusi na ombi la karo katika maneno kumi, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuelewa.

Sisi walimu nasi tujitazame. Shuleni tunafundisha baruapepe kama utungo wa kiuamilifu: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, tarehe, mada, mwili, hitimisho. Mwanafunzi akivipanga vipengele hivyo sawasawa hupata alama zake. Ni mara chache tunamwuliza: mpokeaji wako yuko wapi, na barua hii itamfikia kwa njia gani? Je, mada uliyoandika inamwezesha kuamua, kabla ya kuifungua, kama ni ya leo au ya kesho? Je, tarehe ya mwisho umeitaja katika sentensi ya kwanza, au umeificha chini ya salamu? Katika isimu jamii tunasema kwamba mazungumzo hutegemea mahali, wahusika na lengo. Njia ya mawasiliano nayo ni sehemu ya mahali, na anayeipuuza hajaimudu lugha, hata sarufi yake iwe haina doa.

Sisemi haya kwa kujitenga na makosa. Siku chache baada ya simu ile nilipekua baruapepe nilizowatumia wanafunzi wangu wanaosoma kwa masafa, baadhi yao wakiwa walimu katika shule za mbali. Nilikuta kwamba niliwatumia kurasa za vitabu nilizozipiga picha kwa simu yangu, kumi kwa mkupuo mmoja, bila hata sentensi moja ya kueleza kilichomo. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenijibu kwa adabu, "Mwalimu, naomba utuandikie muhtasari, picha hazifunguki huku." Jibu hilo nililisoma na kulisahau. Nilimlaumu meneja wa Nairobi kwa kosa ambalo nami nilikuwa nikilitenda kila wiki.

Ni kweli kwamba mambo yanabadilika. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Tangu Julai 2023 Wakenya wanaweza kununua huduma ya Starlink, ambayo setilaiti zake ziko karibu zaidi na ardhi na ucheleweshaji wake ni mdogo. Naipongeza hatua hiyo. Hata hivyo, kifaa hicho nacho kina ada ya kila mwezi, na nacho hunyamaza jenereta inapozimika. Zaidi ya hayo, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa bara letu, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku hizo wakazi wa Nairobi walionja walau kidogo yale ambayo kambi za Turkana huyaonja kila siku. Upana wa njia si mali ya kudumu. Mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajikuta yuko pembezoni.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wakuu wa kampuni na vyuo vyenye matawi ya mbali: kabla ya kuweka siku ya mwisho ya jambo lolote, ulizeni waraka utachukua muda gani kufika kambi iliyo mbali zaidi, na muda uanze kuhesabiwa kutoka hapo. Kwa mafundi: msipime mfumo mkiwa Nairobi tu. Nendeni kambini, mkae wiki moja, msome barua zenu kutoka huko. Kwa walimu na wanafunzi: andikeni maneno kama maneno, fupi na wazi, na picha itumeni tu pale ambapo maneno hayawezi kuchukua nafasi yake.

Kijana wangu ameomba tena mwaka huu. Safari hii yeye na wenzake waliiandikia kampuni barua ya mistari sita, isiyo na nembo wala kiambatisho, wakiomba matangazo yote ya ufadhili yaandikwe ndani ya baruapepe yenyewe na tarehe ya mwisho itajwe katika mada. Barua yao ilitoka kambini usiku uleule, na asubuhi iliyofuata ilikuwa imesomwa Nairobi. Jibu bado wanalisubiri.